Historia ya Jazi ya Katanga: Kutoka Lualaba hadi Dar es Salaam na Nairobi

Muziki wa mseto uliozaliwa Katanga katika karne ya 20 ulifuata njia mbili, mto na reli. Malemba-Nkulu ipo kando ya Lualaba, katika sehemu ya mto inayopitika kwa meli kutoka Bukama kushuka hadi Kongolo. Magharibi yake ipo Kamina, makutano ya reli na leo makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, mji unaoitwa sasa Ilebo. Mwaka 1956 tawi la Kamina hadi Kabalo lilikamilika, likaungana na njia ya zamani iendayo Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Kigoma ilikuwa ikifika Dar es Salaam tangu 1914. Kwa njia hizi mpiga gitaa wa Katanga aliweza kusafiri kwa gari-moshi na meli mpaka Bahari ya Hindi, na historia yote ya jazi ya Katanga imo ndani ya uwezekano huo.

Kabla ya gitaa, nchi ya Waluba, kaskazini mwa Katanga, ilikuwa na muziki wake uliokomaa. Chama cha Mbudye kilihifadhi habari za wafalme kwa ubao wa lukasa, kwa nyimbo na kwa ngoma, na aliyetaka cheo ndani yake alipaswa kuvijua vyote. Katika maisha ya kila siku ilisikika likembe, ala ya vibamba vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo msafiri aliibeba mkononi akitembea. Jambo la likembe lililorithiwa na muziki uliofuata ni namna yake ya kugawa kazi: kidole kimoja hushika sauti ya chini inayojirudia, kingine hucheza juu yake, na msikilizaji husikia nyimbo mbili zikijibizana.

Mabadiliko yaliletwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na migodi ya kusini ikahitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Vijana wa Lualaba na Lomami walipelekwa Élisabethville, Jadotville na Kolwezi, wakawekwa kambini pamoja na watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa kimetangulia kufika kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, zama za Msiri aliyetoka Unyamwezi akajenga ufalme wa Wayeke pale Bunkeya. Ndani ya kambi kikawa lugha ya kazi, ya ndoa na ya wimbo.

Kambini kila kabila lilileta ngoma yake, lakini vijana walitamani kitu ambacho si cha kabila moja. Beni, ngoma ya sare na tarumbeta iliyoanzia pwani ya Kenya, iliingia Katanga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Misheni zilifundisha kwaya na ala za kupuliza. Katika kata ya Kenya ya Élisabethville kulikuwa na kundi la Jecoke, vijana waliochanganya uchekeshaji, kuimba kwa sauti nyingi na dansi. Hapo ndipo mseto ulipoanza kuwa desturi: mtu alichukua la Mzungu, la jirani na la babu yake, akayaweka kwenye wimbo mmoja bila kuomba radhi kwa yeyote.

Jina linalosimama juu ya yote katika zama za gitaa kavu ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 katika ukoo wa watawala wa Wayeke. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri kwa santuri za kampuni ya Gallotone hadi Afrika Kusini, Rhodesia na Afrika Mashariki. Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika besi, shahada likachora wimbo juu, na mapigo ya vidole hivyo viwili yalipishana kwa namna iliyowafanya wageni wadhani wanasikia magitaa mawili. Alikuwa amesikiliza santuri za George Sibanda wa Bulawayo, naye Sibanda alikuwa amesikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani. Lakini yaliyofika Jadotville kutoka mbali yaligeuzwa yakafuata mantiki ya ngoma na likembe. Wengine wa mkondo huo ni Losta Abelo na Edouard Masengo, binamu yake Bosco. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Masengo na Bosco walifika Nairobi, ambako sauti zao zilitumika hata kutangaza bidhaa: Bosco aliimba kwa ajili ya vidonge vya Aspro. Vijana wengi wa Kenya walijifunza gitaa kwa kuwaiga wawili hao.

Umeme uliingia kwa mlango wa Léopoldville. Mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, alifika huko na kampuni ya santuri ya CEFA, akaleta gitaa la umeme. Mwaka huohuo Joseph Kabasele aliunda African Jazz, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya akina Franco. Bendi hizi zilipiga rumba iliyotoka Cuba kwa santuri, na jina la jazi lilibeba sifa ya usasa kuliko sheria za New Orleans. Tanganyika ilikuwa imetangulia kwa jina hilo: Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Hata hivyo ndani ya African Jazz kulikuwa na jazi ya kweli ya kubuni papo kwa papo. Nico Kasanda, Mluba wa Kasai, alipiga solo zilizotembea mbali na wimbo kisha zikarudi kwa wakati wake, na redio ilizifikisha Katanga yote.

Uhuru wa 1960 ulileta msiba kaskazini mwa Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi, na Waluba wengi waliofuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walimkataa. Vijiji vya Haut-Lomami vilichomwa, reli ikakatwa mara kwa mara, na mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa Élisabethville. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Watu waliotawanywa hawakurudi wote mashambani. Wengi walibaki mijini, na miji ndiyo iliyolisha bendi. Ilunga wa Ilunga, maarufu kwa jina la Baba Gaston, mzaliwa wa upande wa Likasi, alikuwa tayari akiongoza Baba National. Mwaka 1967 Lubumbashi, jina jipya la Élisabethville, ilipata Super Vox, kundi la Mutonkole Longwa Didos litakalojulikana baadaye kwa jina la Super Mazembe.

Miaka hiyohiyo Marekani ilikuwa ikipika mseto wake. Gary Burton na mpiga gitaa Larry Coryell walianza kuunganisha jazi na roki mwaka 1967. Julai 1969 tamasha la jazi la Newport liliwaalika wapigaji wa roki, wakiwemo Led Zeppelin na Sly and the Family Stone, pamoja na Miles Davis. Mwezi uliofuata Davis alirekodi "Bitches Brew" akiwa na John McLaughlin kwenye gitaa la umeme na Joe Zawinul na Chick Corea kwenye vinanda vya umeme. Katika Newport hiyohiyo, kwenye tamasha la nyimbo za asili la mwezi huo wa Julai, Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya alipanda jukwaani na gitaa lake kavu. Vitabu vya jazi-roki vinavyoitaja Newport ya 1969 havina sababu nzuri ya kumwacha nje. Mwaka 1973 Herbie Hancock, katika albamu yake "Head Hunters", alifungua wimbo "Watermelon Man" kwa mlio wa chupa uliomwiga mpuliza filimbi wa Wabilikimo wa Afrika ya Kati, aliyekuwa amesikika kwenye santuri ya watafiti. Afrika ya Kati ilikuwa ndani ya jazi-roki, ingawa wapigaji wake hawakutajwa majina.

Wakongo waliuona muziki huo kwa macho yao Septemba 1974. Hugh Masekela na Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu mjini Kinshasa, Léopoldville ya zamani, lililokusudiwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Walipiga James Brown, B.B. King, Fania All Stars na The Crusaders, kundi la jazi iliyochanganywa na soul na roki. Manu Dibango naye alikuwepo, yeye aliyewahi kupiga na African Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini vijana wa Kinshasa walikuwa wameshachagua njia yao. Zaiko Langa Langa, iliyoundwa Desemba 1969, iliondoa saksafoni na tarumbeta, ikatia drams mbele na magitaa ya umeme yenye ukali wa roki. Mwaka 1973 mpiga drams wake Meridjo Belobi alileta pigo la cavacha, ambalo wanamuziki wenyewe wamesimulia kwamba lilitokana na mlio wa gari-moshi.

Katanga, iliyoitwa Shaba tangu 1971, ilikuwa mbali na studio za Kinshasa, na Kilingala ndicho kilichotawala santuri. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na reli ya Benguela iliyopeleka madini Angola ilifungwa mwaka 1975 kwa sababu ya vita. Wapigaji wa kusini walitazama mashariki, kwa watu waliosema lugha yao. Baba Gaston alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa muongo huo, na mwaka 1975 akahamia Nairobi. Super Mazembe, ambayo jina lake linataja mashine kubwa za kuchimbua ardhi, ilifika Nairobi mwaka 1974. Mwaka 1976 kundi la wapigaji wa Baba Gaston, akiwemo Bwamy Walumona, walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Dar es Salaam ilipata Maquis du Zaire, iliyoongozwa na Chinyama Chianza na kujulikana baadaye kama Maquis Original, na mtindo wake wa kamanyola ulipata wafuasi kila kona ya mji. Ndala Kasheba na Kikumbi Mwanza Mpango, anayejulikana zaidi kama King Kiki, wote wazaliwa wa Kongo, waliwahi kuwa katika bendi ya Fauvette. Kasheba akawa mwalimu wa gitaa la nyuzi 12, na Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima ilimpa jukwaa. Kutoka Kindu alikuja Remmy Ongala, aliyejiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake mwaka 1978 kabla ya kuongoza Super Matimila.

Ukisikiliza kazi zao kwa makini, mseto huo una mpangilio wake. Gitaa la rithimu hushika mzunguko mfupi usiobadilika. Gitaa la kati hujaza nafasi kwa mzunguko wa pili unaopishana na wa kwanza, solo hupanda juu, na besi huruka pigo mahali ambapo mpiga besi wa roki angeligonga. Wimbo huanza taratibu, maneno yasikike, kisha hufunguka kuwa sebene, ambapo magitaa huachiwa na wachezaji hutawala ukumbi. Hapa ndipo tofauti na jazi-roki ya Marekani inapoonekana. McLaughlin na Mahavishnu Orchestra, iliyoundwa mwaka 1971, walitukuza ustadi na kasi ya mtu mmoja mbele ya hadhira iliyoketi. Bendi za Shaba zilitukuza kuingiliana kwa watu watatu mbele ya hadhira iliyosimama, na mpiga solo mzuri alipimwa kwa jinsi alivyowafanya wenzake wasikike. Ni ugawaji uleule wa kazi uliokuwa ndani ya likembe na ndani ya vidole viwili vya Bosco, ukiwa sasa na vipaza sauti.

Ushahidi wa nguvu ya mseto huo ni "Shauri Yako". Nguashi N'Timbo aliutunga na kuupiga na Orchestre Festival du Zaire, Super Mazembe wakaupiga upya na cavacha yao, na toleo hilo likavuka hadi Ulaya katika albamu "Kaivaska" iliyotolewa na kampuni ya Virgin mwaka 1983. Makassy nao walitoa "Agwaya" kwa kampuni hiyohiyo mwaka 1982. Remmy Ongala alifika matamasha ya WOMAD mwaka 1988, na mwaka uliofuata kampuni ya Real World ikatoa "Songs for the Poor Man".

Muongo wa 1980 pia ulileta machweo ya kumbi nyingi. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilikuwa vimewafungia wengi njia ya kurudi, na nchini Kenya vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vikawa vigumu kupatikana. Super Mazembe ilivunjika mwaka 1985. Mwenda alifariki katika ajali ya gari Zambia mwaka 1990, Baba Gaston mwaka 1997, Ndala Kasheba mwaka 2004 na Remmy Ongala mwaka 2010. Huko Haut-Lomami, vita vilivyoanza 1998 vilileta wanamgambo wa Mai-Mai hadi Malemba-Nkulu, na dansi ilipungua pamoja na usafiri. Magitaa ya umeme yalipata hifadhi kanisani, ambako kwaya za vijana hupiga solo, rithimu na besi kwa mpangilio uleule wa bendi za zamani.

King Kiki aliendelea kuimba Dar es Salaam na bendi yake ya Wazee Sugu, na wimbo wake "Kitambaa Cheupe" ukabaki ukidaiwa katika kila harusi ya watu wazima; alifariki Novemba 2024. Les Mangelepa walibaki Nairobi, na kampuni ya Ketebul Music ikarekodi albamu yao "Last Band Standing". Rekodi za kwanza za Bosco zimehifadhiwa Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Hugh Tracey aliianzisha mwaka 1954.