Aliyeng'atuka kwa Alama Mbili

Sisi tuliozoea kubishana kama mashine ile iitwe kompyuta au tarakilishi, leo tuwatazame mafundi wenyewe wa mashine hiyo wakigombana. Wao hawakugombania neno. Waligombania nukta mbili na alama ya sawasawa.

Python ni lugha ya kuipa kompyuta maagizo. Aliianza Mholanzi Guido van Rossum, mjini Amsterdam, mwishoni mwa 1989, akaitoa hadharani 1991. Wenzake wakampa, kwa mzaha, cheo cha dikteta mwema wa maisha: watu watajadili, lakini neno la mwisho ni lake.

Katika lugha ya C, iliyotangulia, alama moja ya sawasawa hukipa kitu thamani. Alama mbili huuliza kama vitu viwili ni sawa. Ukisahau moja, mara nyingi mashine haikukemei, inafanya jambo jingine kabisa. Kwa kuogopa kosa hilo, Van Rossum alikataza tangu mwanzo mtu kutoa thamani katikati ya swali. Kutoa thamani kuna mstari wake.

Mwaka 2018 likaja pendekezo namba 572: iwekwe alama mpya, :=, ili mtu akipe kitu jina na kukipima papo hapo. Waliotaka walisema itapunguza mistari na marudio. Waliopinga walisema lugha hii ilipendwa kwa sababu inasomeka. Ya nini kuwa na njia mbili za jambo moja? Mabishano yalichukua miezi, na mengine hayakuwa ya adabu.

Van Rossum, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa pendekezo hilo, alilipitisha. Alishinda. Kisha, tarehe 12 Julai 2018, akawaandikia wenzake kwamba anang'atuka. Alichoka kupigania jambo na kuona wengi wakidharau uamuzi wake. Hakuteua mrithi. Akawaachia wachague wenyewe: demokrasia, udikteta, au kila mtu na lake. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana angeweza kumweka mtu wake na pengine wangenyamaza.

Wakapiga kura, wakaamua kuwa na baraza la watu watano. Baraza la kwanza lilichaguliwa 2019, na miongoni mwa watano hao alikuwamo yeye mwenyewe, safari hii akiwa na kura moja kama wenzake.

Alama ile ilitoka rasmi Oktoba 2019, katika toleo la 3.8. Wapo wanaoitumia kila siku, na wapo ambao hadi leo hawaigusi.