Bilauri Nyekundu Ilitoka Wapi?

Mnadani, bilauri kuukuu nyekundu iliyochongwa kulungu na miti huitwa ya Bohemia hata kabla haijashikwa. Mara nyingi jina hilo ni sahihi, lakini wekundu peke yake hauthibitishi kitu. Kinachosema zaidi ni namna rangi ilivyokaa kwenye kioo.

Mafundi wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukivika kioo kisicho na rangi tabaka la kioo cha rangi kingali cha moto, kisha kukichonga kwa gurudumu mpaka ndani kuonekane. Ukichungulia kwenye mchongo, unaona unene wa tabaka hilo. Njia ya pili ni kazi ya Friedrich Egermann (1777–1864), fundi wa mji wa Haida, ambao sasa ni Nový Bor. Huyu ndiye aliyebadilisha biashara nzima. Alipaka juu ya kioo dawa yenye fedha, akakirudisha tanuruni, kikatoka cha manjano. Katika miaka ya 1830 akapata wekundu kwa kutumia shaba. Rangi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu, hivyo mkwaruzo mdogo tu huiondoa. Kwenye ukingo na kitako cha bilauri iliyotumika sana, weupe huanza kuchungulia.

Uzito nao husaidia. Tangu George Ravenscroft apate hataza yake mwaka 1674, Waingereza walitia risasi kwenye kioo chao, kikawa kizito na chenye mlio mrefu kikigongwa. Wabohemia walishikilia potashi na chokaa, kwa hiyo chao ni chepesi zaidi. Lakini Baccarat ya Ufaransa na Val Saint Lambert ya Ubelgiji walitumia risasi pia, basi uzito hautenganishi nchi hizo.

Hata urani hudanganya. Josef Riedel wa Bohemia aliitumia kutengeneza kioo cha manjano na cha kijani, akakipa jina la mkewe, Anna. Kioo hicho hung'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno, na vivyo hivyo cha Waingereza na Wafaransa walioitumia urani.

Alama za maandishi ni chache. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, lakini lebo za karatasi zilibanduka zikioshwa. Neno "Czechoslovakia" likiwepo, kioo hakiwezi kuwa cha kabla ya 1918, hata muuzaji akiapa kwamba ni cha enzi ya Egermann.