Utapeli katika uuzaji wa maikrofoni zilizotumika

Utapeli katika uuzaji wa maikrofoni zilizotumika ni udanganyifu unaofanywa mtandaoni dhidi ya watu wanaotafuta vifaa vya sauti kwa bei nafuu. Muuzaji hupokea fedha kisha hatumi kitu, au hutuma kifaa bandia. Mfano unaojulikana sana ni ule wa maikrofoni aina ya Shure SM58.

Sababu ya kuigwa

SM58 ilitolewa mwaka 1966 na kampuni ya Shure ya Marekani. Hutumiwa na bendi, kwaya na wahutubiaji kwa kuwa ni imara na haihitaji betri. Umbo lake halijabadilika sana tangu mwanzo, na hapo ndipo tapeli anapopata nafasi: mikwaruzo ambayo ingetiliwa shaka kwenye kifaa kipya huchukuliwa kuwa ushahidi wa umri. Kwa hiyo bandia hupita kirahisi zaidi ikiuzwa kama kifaa kilichotumika.

Utambuzi

Picha haitoshi, hata ikiwa nzuri. Nembo, boksi na mkoba pia si vya kutegemewa, maana ndivyo vinavyoigwa kwanza.

Uzito husaidia zaidi. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298 hivi bila waya, na mizani ya jikoni inatosha kuupima. Bandia nyingi ni nyepesi kwa sababu hazina transfoma ndogo inayokaa ndani ya mpini. Chini ya mpini kuna pini tatu za kuunganishia waya, na kwenye maikrofoni halisi kila pini ina namba yake: 1, 2 na 3. Sehemu ya juu ikifunguliwa kutoka kwenye mpini huonekana nyaya mbili nyembamba, moja ya njano na nyingine ya kijani. Hata hivyo baadhi ya bandia huiga mpaka rangi hizo, kwa hiyo dalili moja isiamue peke yake.

Hatimaye maikrofoni ijaribiwe kwenye spika. SM58 hupokea vizuri sauti inayotoka mbele na kuipunguza sana ile ya nyuma. Mtu akiimba upande wa nyuma na sauti ikabaki kubwa vilevile, kuna kasoro.

Malipo

Uchunguzi huo wote hauna faida ikiwa fedha zimekwisha kutumwa. Fedha zinazotumwa kwa simu, kama vile kwa M-Pesa, humfikia mpokeaji mara moja, naye akizitoa ni vigumu kuzirudisha. Tapeli hujua hilo. Husema yuko safarini, au kwamba mteja mwingine yuko njiani, kisha huomba "hata nusu tu" ya kushikia mzigo. Kikundi cha kwaya kinaweza kupoteza michango ya miezi kadhaa kwa njia hii. Ni salama zaidi kukutana mchana mahali penye watu na umeme, kujaribu kifaa, kisha kulipa.

Muuzaji naye hutapeliwa: mnunuzi humtumia ujumbe wa kughushi unaodai kuwa malipo yamefanyika. Inafaa aangalie salio lake kabla ya kukabidhi kifaa.

Sheria

Udanganyifu wa aina hii unaweza kushtakiwa nchini Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kenya ilitunga sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao mwaka 2018. Anayeripoti polisi anahitaji namba ya simu iliyopokea fedha, ujumbe wa muamala, na nakala ya tangazo iliyohifadhiwa kabla halijafutwa.