Kizingiti cha maradhi: hesabu za Lamu 2004

Mimi ni mtu wa Kizingitini, na juzi nimegundua kwamba hesabu za magonjwa nazo zina kizingiti chao. Leo tukiangalie.

Mwaka 1927 William Kermack, mkemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara, na Anderson McKendrick, daktari aliyewahi kufanya kazi India, waliwagawa watu mafungu matatu: wasio na kinga, wagonjwa na waliopona. Walionyesha kwamba maradhi hayangoji kila mtu augue ndipo yazimike. Huanza kufifia pale wasio na kinga wanaposhuka chini ya kiwango fulani. Hicho ndicho kizingiti.

Nikaijaribu Lamu. Mwaka 2004, wakati wa ukame, watu wakihifadhi maji majumbani, chikungunya inayoenezwa na mbu ilizuka kisiwani Lamu. Vipimo vya damu vilikadiria kuwa 75% waliambukizwa, yaani watu 13,500 kati ya 18,000. Ikafika Mombasa, kisha Komoro mwaka 2005, halafu Réunion.

Mlinganyo ni mfupi:

-ln(0.25) / 0.75 = 1.85

Yaani mwanzoni kila mgonjwa, kupitia mbu, aliambukiza wastani wa watu 1.85. Kwa namba hiyo, wenye kinga wakifika 46% maradhi huanza kurudi nyuma. Lamu ilifika 75%. Salama basi?

Hapana. Hesabu hiyo inachukulia kwamba watu ni walewale daima. Mwaka 1932 na 1933 mabwana hao walirudi na kuongeza wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama. Nami nikaandika programu fupi: aliyepona haugui tena, na kila mwaka wanaongezeka watoto 3 kwa kila watu 100 (makisio yangu). Kinga ikashuka hadi 46% baada ya miaka 16 hivi, yaani 2020.

Huu si utabiri. Programu yangu haijui mvua wala ukame, wala boti zinazoshusha abiria kwetu. Lakini Mombasa ililipukiwa tena mwishoni mwa 2017.

Kwa hiyo mtu akisema "sisi tulishaugua hiyo", muulize: sisi nani? Watoto waliozaliwa baada ya 2004 hawamo. Kizingiti kilekile, watu wengine. Funikeni mapipa ya maji.

Haya, tuonane wiki ijayo.