Ufunguo wa sanduku la kizuka

Wiki hii darasani tumegusia vito vya msiba, na mada imenikaa kichwani, acha niimwage hapa.

Uingereza ya zamani mtu alivaa pambo kuonyesha amefiwa. Shakespeare, kwenye wosia wake wa 1616, aliacha pesa ili waigizaji wenzake watatu wanunue pete za kumkumbukia. Mwaka 1861 akafariki Prince Albert, na mkewe Malkia Victoria akavaa nyeusi mpaka naye alipofariki 1901. Watu wakaiga. Wakavaa mikufu ya jeti, kito cheusi chepesi kilichotokana na miti ya kale na kuchimbwa Whitby. Wengine wakavaa vidani vyenye nywele za marehemu zilizosukwa. Ndiyo, nywele kabisa!

Huku kwetu pwani msiba hauvaliwi, unavuliwa. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na meli yenyewe iliitwa Victoria, mnaona mambo? Binti yake Salme alisimulia katika kitabu chake cha 1886 jinsi jumba zima la kifalme lilivyoacha nguo za fahari na manukato, wakavaa pamba nyeusi. Mpaka leo kizuka akikaa eda, miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito, hajipambi. Hereni, bangili, wanja, hina, udi, vyote kando.

Hebu simama pale Mnazi Mmoja, uwanja ambao Waingereza waliuacha wazi kutenganisha Kariakoo na Uhindini. Hata ng'ambo ya pili, kwa mila za zamani za Kihindu, mjane alivunja bangili na kuvua mkufu wake wa ndoa. Mkoloni aliwatenga watu, ila kwenye kilio mikono ya wajane ilikuwa mitupu pande zote mbili.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Dhahabu ya mwanamke si urembo tu, ni benki yake. Ada ikikosekana, bangili inakwenda kwa sonara. Mama mmoja jirani yetu alivua vidani na vikuku vyake siku ya mazishi. Shemeji yake akamwambia, "Lete tukuwekee, shemeji." Eda ilipoisha akaambiwa vimeingia kwenye mirathi. Mirathi ya nani? Vingine vilikuwa mahari yake!

Katika Uislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi: mke ana haki ya kumiliki mali, na ndoa peke yake haimhamishii mume mali hiyo. Kama haikuwa ya marehemu, ndugu wanarithi nini?

Vito vya akina Victoria vimetunzwa makumbusho. Vya bibi zetu vingi vimepotelea kwenye zile siku ambazo mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuuliza. Kwa hiyo msiba ukitokea nyumbani, mwacheni mama avue kama dini na mila zinavyotaka, ila ufunguo wa sanduku akae nao yeye.

Haya, naenda kuwahi foleni ya wali maharage. Tchao!