Mitungi Miwili

Bibi yangu wa Ifakara alihifadhi mbegu za mpunga katika mitungi miwili jikoni, pale moshi unapofika. Mmoja ulikuwa wa Kula na Bwana, mwingine wa Shingo ya Mwali. Siku moja nilichota yote miwili, nikamwaga kwenye ungo mmoja na kuchezea. Hakunipiga. Alikaa mchana kutwa akichambua punje mojamoja.

"Unazijuaje, bibi?"

"Mjukuu wangu, hizi zinafanana wapi?"

Kwangu zilifanana.

Nilimkumbuka niliposoma kazi ya Mfaransa Jean-Christophe Glaszmann, iliyochapishwa 1987. Tangu 1928, Kato na wenzake wa Japani walipogawa mpunga wa Asia kuwa indika na japonika, kwa sababu machotara wa makundi hayo walizaa punje chache, wataalamu walibishana kuhusu umbo la punje na kimo cha mmea. Glaszmann alitazama vimeng'enya. Chipukizi linapondwa, maji yake yanafyonzwa kwa kipande cha karatasi, karatasi inachomekwa kwenye jeli ya wanga, umeme unapitishwa. Kila umbo la kimeng'enya husogea kwa mwendo wake. Ukitia rangi, mistari inajitokeza. Alipima hivyo aina 1,688 za jadi za Asia, kwa sehemu 15 za kijeni. Yakatoka makundi 6.

Kilichonishangaza ni basmati. Punje ndefu, nyembamba. Kwa macho ungeapa ni indika. Mistari ikaiweka kwenye kundi la tano, mbali na indika. Mwaka 2005 uchunguzi wa DNA ukaikuta iko karibu zaidi na japonika. Basi macho yalikosea, na si macho ya mtoto tu.

Lakini mistari nayo ina mipaka yake. Aina mbili za kundi moja zinaweza kutoa mistari ileile, na hakuna mstari unaosema ipi inavumilia maji ya mafuriko, ipi inawahi kuiva, ipi hupikiwa mgeni. Hayo bibi alikuwa nayo kichwani, na hakuna aliyemwuliza, mimi nikiwemo. Mimi niliishia kwenye swali la ungo.

Alipofariki, siku ya tatu ya matanga mitungi ilifunguliwa. Watu walikuwa wengi, mchele umekwisha. Mbegu zote zikatiwa kinu kimoja, zikatwangwa. Wali ulinukia vizuri, nami nilikula.