Uchapaji wa mabango kwa plota

Uchapaji wa mabango kwa plota ni utoaji wa picha, michoro na ramani kubwa kutoka kwenye kompyuta kwa mashine iitwayo plota. Tofauti na printa ya kawaida ya ofisini, plota hutumia karatasi ya roli, mara nyingi yenye upana wa milimita 610 au 914. Roli ya milimita 914 inatosha bango la ukubwa wa A0 (milimita 841 × 1189).

Historia

Plota za awali zilichora kwa kalamu, mstari baada ya mstari. Mojawapo ni Calcomp 565 ya mwaka 1959. Tangu miaka ya 1990 nafasi yake imechukuliwa na plota za kunyunyiza wino, ambazo huchapa pia picha za rangi.

Maandalizi

Ukurasa hupangwa kwa ukubwa halisi wa bango tangu mwanzo. Bango la kutazamwa kwa umbali wa mita moja au mbili huhitaji takriban nukta 150 kwa inchi. Picha inayojaza A0 iwe na pikseli kama 4,967 × 7,022. Picha ndogo ikikuzwa huonyesha vimraba. Rangi angavu za skrini huweza kufifia kwenye wino, kwa hiyo kipande kidogo huchapwa kwanza kwa majaribio. Faili huhifadhiwa kama PDF yenye fonti ndani yake.

Ramani za ardhi

Wilaya za Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani zinapakana na Dar es Salaam. Nchini Tanzania mipango ya ardhi huongozwa na Sheria ya Mipango Miji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zote za mwaka 2007, na ramani zake ni miongoni mwa kazi za plota.

Katika ramani ya 1:2,500, kiwanja cha mita 40 kwa 25 huchorwa milimita 16 kwa 10. Ramani ya A0 ikipunguzwa ili ienee kwenye A1, urefu wote hushuka hadi asilimia 71. Anayepima kwa rula akifuata skeli iliyoandikwa atapata mita 28 kwa 18 hivi, yaani nusu ya eneo halisi.

Kwa sababu hiyo ramani huchapwa kwa asilimia 100 na kuwekewa skeli ya mstari, ambayo hupungua pamoja na mchoro. Kabla ya kubandikwa, mstari huo hukaguliwa kwa rula: kwa 1:2,500, mita 100 ni milimita 40. Mipaka yenyewe ya kiwanja huthibitishwa kwa vipimo vya mpima ardhi na bikoni zilizopo uwanjani, si kwa bango.